Ganzi ya Mguu wa Kushoto

Mwalimu alimsikia Fundi kabla hajamwona. Sauti yake ilipanda kutoka ndani ya shimo la lifti ikigonga kuta za zege, akimwambia mwenzake wa chini asiwashe umeme mpaka yeye atoke. Mwalimu alikuwa amelala chali kwenye mkeka sebuleni kwa mama yake, ghorofa ya tatu, miguu ameikunja juu ya kiti kama alivyoelekezwa hospitalini. Moyo ukamdunda kama wa msichana wa shule. Akajiambia kwamba ni lifti tu, lifti huharibika na fundi huja, hakuna la ajabu. Kisha akageuza uso ukutani, maana hata yeye mwenyewe hakujiamini.

Watu wote walimwita Mwalimu, hata majirani wasiojua anafundisha nini. Alifundisha watu wazima kuogelea, wale waliokua wakiogopa maji na kuona haya kuingia bwawani pamoja na watoto. Huyo aliyekuwa shimoni naye alikuwa mwanafunzi wake, na kwa kweli alikuwa mbovu kuliko wote. Mtu aliyezoea kuning'inia juu ya kina cha ghorofa nzima kwa mkanda mmoja huku akipiga mluzi, akifikishwa kwenye maji ya kifua alimng'ang'ania mwalimu wake shingoni kama mtoto anayepelekwa kung'olewa jino. Darasa zima lilicheka. Baadaye wakawa wanacheka wao wawili tu, kisha siku moja wakaacha kucheka, wakabaki wanatazamana. Yeye alimwita Fundi, naye akamwita Mwalimu, na hata mapenzi yalipokolea hawakubadilisha. Majina hayo yalikuwa yameshakuwa matamu vinywani mwao.

Halafu mgongo ukamwangusha. Asubuhi moja alikuwa akivuta turubai zito la kufunikia bwawa, akasikia kitu kimefyatuka kiunoni, na moto ukashuka kutoka tako la kushoto mpaka kwenye vidole vya mguu. Walimfikisha hospitali amekunjamana kama shuka. Daktari bingwa wa mgongo, mwanamke mfupi asiye na haraka ya maneno, alimwonyesha kwenye picha kwamba kisahani laini kinachokaa kati ya pingili mbili za kiunoni kimechomoza nje ya mahali pake, na sasa kinaubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Hakumkimbiza kwenye kisu. Alisema wengi hupata nafuu kwa dawa, mazoezi na muda, kwa hiyo wangoje kwanza. Ila alimwonya: mguu ukianza kulegea, au haja ndogo ikigoma au ikitoka bila taarifa, asisubiri siku ya miadi, aje hapo hapo.

Wakangoja. Na kweli yale maumivu yakapungua mpaka Mama akaanza kuimba tena jikoni. Mwalimu peke yake ndiye aliyejua kilichokuja badala yake. Ganzi ilikuwa imeanzia juu ya wayo wa kushoto, ikapanda pembeni ya mguu, na siku hizi akitembea, sehemu ya mbele ya wayo ilikuwa inaning'inia na kupiga sakafu kabla hajataka. Alijitia hamnazo. Alijiambia ni vidonge, ni kulala sana, ni uchovu. Alijifunza kunyanyua goti juu kidogo ili asijikwae, na Mama akiwa karibu alikaa.

Kumwambia Mama kungekuwa kutaja upasuaji, na upasuaji ndani ya nyumba ile ulikuwa neno la msiba. Baba yake alianguka kutoka juu ya paa alipokuwa akibadilisha bati, wakampasua mgongo, na hakusimama tena mpaka anaingia kaburini. Mama alimgeuza kitandani mchana na usiku kwa miaka ambayo wanawake wenzake walikuwa wanavaa na kutoka. Hivyo daktari alipotaja tu kwamba kisu kingeweza kuhitajika huko mbele, Mama hakupiga kelele. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai, kwamba mgongo wa mwanawe haufunguliwi yeye Mama akiwa hai.

Na si hilo tu. Siku moja walikuwa jikoni wakikunja nguo zilizokauka, Mama akamwambia bila kumtazama, "Huyo Fundi mwache aende zake. Mimi baba yako nilimpenda, lakini kuna siku niliomba nilale nisiamke. Usimtwike mtoto wa mwenzangu mzigo huo."

Mwalimu alikunja shuka lile lile mara mbili, na kesho yake akateremka ngazi kwa tabu, akamkuta Fundi anamsubiri na machungwa kwenye mfuko, akamwambia amemchoka. Alijikaza kisabuni. Alisema hataki maelezo, hataki simu. Fundi alimtazama usoni kitambo, akauliza kitu kimoja tu, kama ana hakika, naye akasema anayo. Angemfokea ingekuwa afadhali. Aliweka machungwa kwenye ngazi, akaondoka polepole, na tangu siku hiyo simu yake haikuita.

Sasa huyu hapa, shimoni, mita chache kutoka kwenye mkeka wake.

Lifti ikapona. Ilipanda ikisaga, ikasimama, na ikawa ni Mama ndani yake, amerudi sokoni na mizigo, na nyuma yake Fundi amebeba gunia la mkaa begani. Mama alikuwa na uso wa mtu aliyezidiwa ujanja na adabu yake mwenyewe, kwa sababu mtu akikubebea gunia mpaka mlangoni huwezi kumfungia mlango. Alimkaribisha maji. Fundi akaingia, akamsalimia Mwalimu kwa heshima ya mgeni, akakaa ukingoni mwa kochi na glasi mkononi. Alikuwa amekonda. Mwalimu aliliona hilo kwanza, akajichukia kwa kuliona.

Walizungumza habari za lifti. Mama aliuliza kama itadumu, Fundi akaeleza kuhusu breki zilizokwisha. Macho yake yalikuwa kwa Mama, lakini kila alipomaliza sentensi yaliteleza kwenye mkeka, yakarudi. Mwalimu hakuweza kuvumilia. Aliinuka, akasema anakwenda kuteleka chai, akapita mbele yake ameinua kichwa kama mwanamke asiye na shida yoyote duniani. Alifika mlango wa jikoni.

"Mwalimu," Fundi alisema nyuma yake. "Ndala yako."

Akageuka. Ndala ya mguu wa kushoto ilikuwa katikati ya sebule, imelala kifudifudi. Akainamisha macho. Mguu wake ulikuwa mtupu juu ya sakafu ya saruji, na hakuwa na habari. Hakuisikia ilipochomoka, wala hakusikia ubaridi wa sakafu.

 Mama alikuwa ameshika mfuko wa vitunguu. Fundi aliweka glasi chini, akaja, akachuchumaa mbele yake na kuweka kidole juu ya wayo wake.

"Unanisikia?"

"Nakuona," alisema Mwalimu.

"Sikukuuliza hivyo."

Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshafika, na alichukia kulia mbele yao. Fundi akauliza ni tangu lini. Alipomjibu, Fundi alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu alimwona amekasirika kweli, hasira isiyo na kelele, iliyomkaza taya.

"Daktari alikwambia mguu ukilegea uende hapo hapo. Uliniambia mwenyewe. Umekaa humu ndani unauficha kama mtu aliyeiba?"

"Haikuhusu."

"Najua. Ulishanichoka."

Neno lile lilimkata maini. Angeweza kunyamaza, wangemaliza hapo, na angeokoa alichotaka kuokoa. Lakini alikuwa amechoka kusimama kwa mguu mmoja wa ukweli na mwingine wa uongo. Akajishikiza kwenye mlango, akamwambia yote mbele ya Mama: kwamba hakumchoka hata siku moja, kwamba aliogopa kulala kitandani miaka na miaka huku yeye akimgeuza, akimfuta, akizeeka kabla ya wakati, kwamba alitaka aondoke akiwa bado ana mguu wa kuondokea. Alisema hataki kumfanyia mtu anayempenda kilichompata mama yake.

Mama aliketi polepole. Vitunguu vikamponyoka, vikatawanyika chini ya kochi, hakuna aliyeviokota.

Fundi hakumkumbatia, wala hakuapa kwa mbingu na ardhi. Aliokota ile ndala, akaiweka karibu na mguu wa Mwalimu. Kisha akasema, taratibu, "Sitakudanganya. Sijui kama ningeweza. Labda ningeshindwa, labda ningekwenda kulia chooni kila siku. Lakini hilo lilikuwa swali langu mimi, Mwalimu. Mlilijibu nyinyi wawili mkiwa mnakunja nguo."

"Nani alikwambia tulikuwa tunakunja nguo?" aliuliza Mwalimu.

"Mama mwenyewe, sasa hivi kwenye lifti. Amesema nisimchukie."

Mwalimu alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Ni Mama aliyesema waende. Alisema hataki kisu na bado hataki, lakini mguu uliokufa hawezi kuufungia ndani pia. Waende wakamsikilize daktari, kusikiliza hakuui. Fundi alishuka kupanga gari lao la kazi, akasogeza minyororo na masanduku ya vifaa, akatandika godoro, na Mwalimu akasafiri hadi hospitali amelala kati ya makopo ya grisi, kichwa kimepakatwa na mama yake. Kila gari lilipoingia shimo Fundi aliomba radhi kutoka mbele. Mpaka wanafika alikuwa ameomba radhi kwa barabara yote.

Daktari aliwaingiza bila miadi. Alimwambia Mwalimu asimame kwa visigino, anyanyue vidole juu. Mguu wa kulia ulitii. Wa kushoto ulibaki umelala sakafuni kana kwamba haukuwa wake. Akamgusagusa kwa pini, akauliza maswali ya chooni bila kuona haya, akaridhika kwamba huko bado ni salama. Zikapigwa picha mpya, na mchana ule ule akaketi nao na kusema yaliyopo. Alisema kungoja kulikuwa sawa wakati ule, sasa si sawa tena, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu huzoea kunyamaza. Akiondoa kile kipande kinachoubana, maumivu ya mguu kwa kawaida hupungua upesi, na nguvu mara nyingi hurudi polepole, ingawa hawezi kuahidi kwamba itarudi yote. Akataja hatari pia: maambukizi, damu, utando wa mishipa kuchanika, na wapo ambao tatizo huwarudia.

"Na kupooza?" aliuliza Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu wakae.

"Ni nadra sana hapa ninapopasua, Mama. Uti wenyewe wa fahamu, ule unaopita ndani ya mifupa, unaishia juu zaidi. Huku chini kuna mishipa tu."

"Ndivyo walivyosema kwa mume wangu."

Mwalimu alinyoosha mkono kumzuia, lakini daktari alitikisa kichwa, akaweka kalamu chini. Akamwomba Mama amweleze. Mama akaeleza: paa, bati, kuanguka, watu kumbeba, hospitali, karatasi waliyompa aweke sahihi, na kisha ile miaka. Alieleza kwa sauti kavu, kama mtu anayesimulia safari ya mtu mwingine.

"Mama," daktari alisema, "siku wanamwingiza kwenye upasuaji, mzee alikuwa anasogeza miguu?"

Mama alitazama dirishani.  

"Hapana," alisema hatimaye. "Tangu aanguke hakuisogeza. Nilikuwa naifinya usiku kucha kabla hawajamchukua. Nilikuwa naifinya, ananiambia nimfinye zaidi."

"Basi si kisu kilichoichukua."

 Nje mtu alisukuma kitanda cha magurudumu, kikapita, kikapotea.

"Uti ulipondeka siku ile ile alipoanguka," daktari aliendelea. "Walimfungua kujaribu kuokoa kilichobaki."

"Wifi zangu walisema nimempeleka akakatwe," Mama alisema. "Mbele ya watu, msibani. Walisema kama ningekataa, ndugu yao angetembea."

Mwalimu hakuwahi kulisikia hilo. Miaka yote aliishi na mwanamke huyu, akala mkononi mwake, na hakuwahi kujua kwamba kilichomlemea kilikuwa kikubwa kuliko kumgeuza mgonjwa. Mama alitoa leso, akaifunika uso wote, na mabega yakaanza kutetemeka. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni akijaribu kutoonekana, alivuta kiti, akakaa kando ya Mama. Mama alipoondoa leso alikuwa na macho mekundu, lakini uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo mwanawe hakuikumbuka. Alishusha pumzi ndefu sana, kama mtu aliyefika juu ya ngazi na kutua ndoo.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa mumuulize mwenye mgongo."

Wote wakamgeukia Mwalimu. Alimtazama Fundi, na Fundi akainamisha macho makusudi, asije akamsaidia kuamua. Hilo ndilo lililomgusa kuliko maneno yote ya siku ile. Alijiuliza angetaka nini kama pasingekuwa na ndoa ya kufikiria, wala mama wa kumtuliza, wala mwanamume wa kumwonea huruma. Jibu lilikuja jepesi. Alitaka kushuka ngazi za bwawa mwenyewe. Alitaka kusikia vigae chini ya wayo.

"Nifanyieni," alisema.

Walimpasua asubuhi iliyofuata. Kabla hawajamsukuma ndani, Mama alimbusu paji la uso, na Fundi alimshika mkono mpaka nesi akakohoa. Hakusema nakupenda. Alisema lifti ya jengo hili imetengenezwa vibaya, inatikisika ikifika ghorofa ya pili, asishtuke. Naye, ndani ya lifti, ilipotikisika, akacheka peke yake mbele ya watu wenye barakoa.

Alipozinduka kinywa kilikuwa kikavu na kiuno kinauma kama mtu amempiga rungu. Lakini ni kiuno tu. Alitafuta ule moto wa mguuni, hakuupata. Daktari alikuja na kofia yake bado kichwani, akasema kile kipande kimetoka chote na mshipa umepumua. Akamwambia anyanyue kidole gumba cha kushoto. Mwalimu alikaza macho. Kidole kilisita, kikatetemeka, kikainuka kiasi cha unene wa kadi ya simu, kikaanguka. Kwake yeye kilikuwa kimeruka mlima. Daktari akasema mengine yatachukua wiki na miezi, mazoezi hayana mkato, na bwawani hataingia mpaka amruhusu yeye.

Mchana ulikuwa umeingia wodini. Mama alikuwa amelala kwenye kiti kando ya dirisha, kichwa kimeangukia begani kwa Fundi, mdomo wazi kidogo. Fundi alikaa wima kama nguzo, ameogopa hata kujikuna.

"Amelala hivyo tangu lini?" Mwalimu alinong'ona.

"Tangu walipotuambia umetoka salama. Bega limekufa ganzi, lakini sithubutu."

"Pole."

"Usinipe pole. Nalipenda hivi."

Wakatazamana. Hakukuwa na haja ya kuficha macho tena. Kisha Mwalimu akauliza kama bado ana hasira naye.

"Ninayo kidogo," alisema Fundi. "Naitunza. Siku ukiniambia tena umenichoka, nitaitoa."

"Sitakwambia."

"Basi itaoza."

Mwalimu alicheka, mgongo ukamkanya, akashika ukingo wa kitanda. Fundi alitaka kuinuka amsaidie, akakumbuka kichwa kilichokuwa begani, akabaki amenyoosha mkono mmoja hewani. Mwalimu aliupokea. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Kuna jambo nataka kumwomba mama yako," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Najua wazee hutumwa kwa mambo haya, na nitawatuma. Lakini nilitaka yeye alisikie kwangu kwanza. Nangoja aamke."

Mama hakufumbua macho. Wala hakuinua kichwa begani.

"Niko macho muda mrefu," alisema. "Omba."